Jicho Linalorudi

Mnamo mwaka 964, katika mji wa Isfahan nchini Uajemi, mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi alikamilisha kitabu chake kuhusu maumbo ya nyota. Katika jina la kitabu hicho nyota zimepewa sifa moja ya Kiarabu, *al-thabita*, na msomaji wa pwani hahitaji mkalimani wa kumfasiria neno hilo. Ni lile lile *thabiti* ambalo kwalo husifiwa mtu asiyeyumba katika ahadi wala katika imani. Wanafalaki wa kale waliziita nyota hizo thabiti ili kuzitenga na sayari. Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali huhamahama. Nyota nyingine zote hubaki katika maumbo yao, na nahodha aliyezijua ujanani huzikuta pale pale uzeeni. Uthabiti, basi, ulikuwa sifa ya mahali. Lakini maneno nayo yana tabia ya kutanuka. Kadiri karne zilivyopita, sifa ya mahali ikageuka kimyakimya kuwa sifa ya nyota yenyewe, ikadhaniwa kwamba kisichohama hakibadiliki pia.

Miongoni mwa nyota hizo thabiti imo moja ambayo Waarabu waliiita Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi, na Wazungu wakalifupisha jina hilo likawa Algol. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, nyota hiyo hufifia hadi ikabakiwa na kiasi cha theluthi moja ya mwanga wake, kisha ikaurudia ung'avu wake wa kawaida. Tukio zima huchukua kama saa 10, na huonekana kwa macho matupu. Vizazi na vizazi viliitazama nyota hiyo. Aliyekuja kuupima muda wake barabara ni kijana mmoja kiziwi wa mji wa York, Uingereza, aliyeitwa John Goodricke. Mwaka 1783, akiwa bado hajatimiza miaka 20, aliipelekea Jumuiya ya Kifalme ya London taarifa yake, akapendekeza kwamba huenda kipo kitu chenye giza kinachoizunguka nyota ile na kupita mbele yake kwa zamu. Hivi leo inajulikana kwamba alikaribia mno ukweli: Algol ni nyota mbili zinazozungukana, na iliyofifia huifunika iliyo ang'avu. Goodricke alitunukiwa nishani ya Copley mwaka ule ule. Mwaka 1786 alifariki dunia, naye ana umri wa miaka 21.

Ni jambo gani alilokuwa nalo kijana huyu ambalo wengine hawakuwa nalo? Alirudi. Alirudi usiku baada ya usiku, akaandika saa, akailinganisha nyota yake na jirani zake, na alipokosa kuona kitu aliandika kwamba hakuona kitu. Jicho linalotazama mara moja huona kitu kilivyo kwa wakati ule tu. Kuliona badiliko ni kazi ya jicho linalorudi, tena linalorudi likiwa limeweka kumbukumbu ya lilichokiona kabla.

Wakaazi wa visiwani wanalifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Na achukuliwe mgeni aliyetoka bara, asiyewahi kuona bahari, akapelekwa Forodhani maji yakiwa yamejaa, kisha akafichwa chumbani na kutolewa tena kila baada ya saa 12 na dakika 25. Mgeni huyo ataapa kwamba bahari haina kupwa wala kujaa. Hatakuwa amesema uongo, amesema alichokiona. Kosa halimo machoni mwake, limo katika saa za ziara zake. Wanaozichunguza nyota huiogopa sana hadaa hii, kwani mtazamaji anayerudi kwa mwendo uliooana na mwendo wa kile anachokitazama hukikuta katika hali ile ile kila mara, akakiita thabiti.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, kulikuwa na kizuizi kikubwa zaidi ya hicho. Sehemu kubwa ya nyota zinazobadilika haionekani kabisa kwa mwanga ambao jicho la binadamu limeumbiwa. Mwaka 1800 William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka kuwa mwanafalaki, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika rangi zake, naye akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kimoja nje kidogo ya wekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu, joto likapanda. Hivyo ndivyo ulivyogunduliwa mwanga ambao leo huitwa infraredi. Ni mwanga kama mwanga mwingine, ila mawimbi yake ni marefu kupita yale ya wekundu.

Urefu huo wa mawimbi una faida kubwa. Baina ya nyota limetanda vumbi jembamba mno, lililo jepesi kuliko moshi wa ubani, nalo huumeza na kuutawanya mwanga wa kawaida. Kitovu cha Njia Nyeupe kipo umbali wa takriban miaka-nuru 26,000, na vumbi lililoko njiani hulipitisha kama fungu moja tu katika trilioni moja la mwanga unaoonekana utokao huko. Kwa infraredi ya mawimbi ya kiasi cha maikromita 2, hupita kama fungu moja katika kumi. Tofauti hiyo ni sawa na tofauti ya ukuta na pazia. Tena zipo nyota zinazojifunga wenyewe ndani ya vumbi lao. Nyota iliyozeeka huvimba, hupoa, huanza kupwita kama moyo, na katika kupwita kwake huzitupa nje tabaka zake, ambazo hupoa zikawa masizi. Nyota ya namna hii hujivika buibui lililotokana na pumzi yake yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Gerry Neugebauer na Robert Leighton wa chuo cha Caltech, Marekani, walitaka kuipekua mbingu nzima ionekanayo kutoka kwao kwa infraredi. Hawakuwa na fedha za kununua kioo kikubwa kilichosuguliwa kwa ufundi wa juu. Wakamimina gundi ya epoksi ikiwa bado majimaji ndani ya bakuli kubwa, wakalizungusha kwa mwendo mmoja hadi ikaganda. Aliyewahi kulizungusha bakuli la tui anajua kilichotokea: majimaji hupanda pembeni na kuzama katikati, na umbo linalopatikana ndilo hasa linalotakiwa na kioo cha darubini. Kwa kioo hicho, kilichofunikwa kwa madini ya kung'aa na kuwekwa mlimani Mount Wilson, walikusanya orodha iliyochapishwa mwaka 1969 yenye vitu 5,612. Kimoja kati yake kiliwashangaza. Kwa mwanga wa kawaida ni alama hafifu mno katika kundi la Simba. Kwa infraredi ni miongoni mwa vitu ving'aavyo kupita vyote mbinguni. Ni nyota iliyozeeka iliyojaa kaboni, iliyozama katika vumbi lake, nayo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban siku 630. Sehemu ya kaboni iliyomo katika mwili wa kila anayesoma kurasa hizi ilipikwa ndani ya nyota za jamii hiyo. Jua nalo, baada ya kiasi cha miaka bilioni 5, litaingia katika hali ya kuvimba na kupwita. Kwa hiyo anayezichunguza nyota hizi anaisoma habari ya asili yake na, kwa mbali sana, habari ya mwisho wa mchana.

Kwamba mbingu isiyoonekana ndiyo yenye mageuzi makubwa, ni ukweli ambao pwani ya Afrika ya Mashariki ina fungu lake katika kuujua. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuichunguza mbingu kwa eksirei. Iliwaonyesha wataalamu vitu vinavyomemeteka na kuzimika katika muda wa sekunde chache. Eksirei ni upande mmoja wa mwanga usioonekana, na infraredi ni upande wa pili. Kote kuwili uthabiti wa kale haukupata ushahidi.

Ni rahisi kuandika kwamba nyota fulani imefifia. Kuthibitisha ni jambo jingine. Katika infraredi kila chenye joto hung'aa: hewa hung'aa, kuta za jengo hung'aa, hata darubini yenyewe hung'aa. Mtazamaji ni kama mtu anayetafuta kandili mchana wa jua kali, naye mwenyewe amebeba mwenge. Ndiyo maana vyombo vya kupokea mwanga huo hupozwa mno, na mng'ao wa hewa hupimwa kando ukaondolewa katika picha. Hata baada ya hayo, alama ya nyota inaweza kushuka kwa sababu ya wingu jembamba lililopita, au ikapanda kwa sababu chembe ya kutoka angani imeugonga mtambo. Dawa ya mashaka haya ni ile ile aliyoitumia Goodricke, yaani kuwauliza majirani. Nyota zote za picha moja zikififia kwa pamoja, kilichobadilika ni hewa au kioo. Moja ikififia peke yake ilhali jirani zake elfu moja zimesimama, hapo pana neno. Kabla ya kumwita mwingine kigeugeu, mtazamaji huanza kwa kujishuku mwenyewe.

Baada ya kuthibitisha badiliko hutafutwa mpangilio wake, na hapa mpenzi wa mashairi yuko nyumbani. Katika utenzi kila ubeti una vipande vinne vyenye mizani nane nane. Vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina chao, kinachobadilika ubeti hadi ubeti. Cha nne hubeba bahari, yaani kina kinachorudi tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Mtu akisimama nje ya dirisha, na upepo ukamletea kipande cha nne tu cha kila ubeti, atadhani utenzi wote una kina kimoja. Huyo ni ndugu wa yule mgeni wa Forodhani. Na upepo ukimletea vipande bila ya utaratibu, kimoja sasa, viwili baadaye, basi ana bahati zaidi ingawa atahisi ametatanishwa. Akivipanga kwa kudhani ubeti una vipande vitatu, vina vitagongana. Akijaribu vitano, vitagongana tena. Akivipanga vinne vinne, ghafla kila kina kitakaa mahali pake, na ile bahari itasikika.

Hivyo ndivyo wanafalaki wafanyavyo. Huchukua vipimo vilivyotawanyika katika miaka mingi, wakakisia muda fulani, wakavikunja vipimo vyote juu ya muda huo kama kanga inavyokunjwa pindo juu ya pindo. Kisio likiwa la makosa, nukta hutawanyika kama mtama uliomwagwa. Likiwa sahihi, nukta za mwaka wa kwanza na za mwaka wa kumi hulala juu ya mstari mmoja, na sura ya nyota ikajitokeza: hii hupwita, hii hufunikwa na mwenziwe, hii inavutiwa vumbi na nyota changa.

Faida ya kuujua muda si ya kujifurahisha tu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard, mwanamke ambaye naye alikuwa na uziwi, alionyesha kwamba katika jamii ya nyota ziitwazo Sefeidi, zile zenye mwendo wa polepole ndizo zenye mwanga mwingi. Ukiujua muda, umeujua mwanga halisi. Ukiulinganisha na mwanga unaofika, umeujua umbali. Karne moja baadaye kanuni hiyo ilitumika kutoka Afrika. Huko Sutherland, katika nyika kavu ya Karoo nchini Afrika Kusini, darubini ya infraredi yenye kioo cha mita 1.4, iliyojengwa na Wajapani, ilikitazama kitovu cha Njia Nyeupe mara kwa mara kuanzia mwaka 2001 hadi 2008. Mwaka 2011 Noriyuki Matsunaga na wenzake walitangaza kwamba ndani ya kitovu hicho wamepata Sefeidi tatu, zote zenye muda wa karibu siku 20. Muda huo uliwaambia pia umri: nyota hizo zilizaliwa takriban miaka milioni 25 iliyopita, jambo lililoonyesha kwamba katikati ya galaksi hii, nyuma ya vumbi lote lile, uzazi wa nyota uliendelea hata katika zama hizo za karibuni. Miaka minane ya kurudi ilizaa nyota tatu, na nyota tatu zikazaa historia.

Upo pia urejeo usiokusudiwa. Tarehe 14 Disemba 2009 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo WISE, yenye kioo cha sentimita 40 tu, ili ichore ramani ya mbingu nzima kwa infraredi. Kitu cha kuipoza kilipokwisha, ililazwa mwaka 2011. Mwaka 2013 iliamshwa na kupewa kazi nyingine, ya kuwinda asteroidi zinazopita jirani na dunia, na jina lake likawa NEOWISE. Kila baada ya kama miezi sita ilikipitia kila kipande cha mbingu, ikakipiga picha kama kumi na mbili ndani ya siku moja au mbili, kisha ikaondoka. Kwa mwindaji wa asteroidi, nyota zilikuwa mandhari tu, kama mwamba ulivyo kwa mvuvi anayemtafuta nguru. Hata hivyo picha zilihifadhiwa, na vipimo vyake vikafikia karibu bilioni 200. Hakuna macho ya binadamu yanayoweza kuzisoma safu hizo zote. Kijana mmoja wa shule ya sekondari huko Pasadena, California, akisaidiwa na wataalamu wa Caltech, aliunda programu ya akili mnemba ya kuzipekua, na mwaka 2024 makala yake ilichapishwa katika jarida la *The Astronomical Journal*. Kazi hiyo ilitoa vitu milioni 1.5 vinavyoshukiwa kuwa vinabadilika na ambavyo havikuwa vimejulikana kabla. Neno *vinavyoshukiwa* lina uzito wake hapo: kila kimoja kinasubiri jicho jingine lirudi kukithibitisha. Setilaiti yenyewe haitarudi. Iliacha kazi Agosti 2024, na tarehe 1 Novemba mwaka huo iliungua ilipoingia katika hewa ya dunia.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kuhifadhi bila ya kumjua msomaji. Watu wa pwani wana mfano wao. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, diwani ikachapishwa mwaka 1940, karne moja baada ya malenga kuzikwa. Aliyeandika ubeti hajui ni nani atakayeurudia, wala atauliza swali gani. Mtambo uliopima mwanga wa nyota mwaka 2014 nao haukujua kwamba mwanafunzi aliyekuwa bado mtoto angekuja kuuliza jambo ambalo wenye mtambo hawakuliuliza.

Swali kubwa kuliko yote bado liko Chile. Katika mlima wa Paranal, darubini iitwayo VISTA, yenye kioo cha mita 4.1, ilitumika kuanzia mwaka 2010 hadi 2023 kuzitazama tena na tena sehemu za Njia Nyeupe zilizojaa vumbi zaidi. Zilipatikana picha zaidi ya 200,000, na ndani yake vitu vipatavyo bilioni 1.5. Baadhi ya vitu hivyo vilifanya mambo yasiyolingana na jamii yoyote ya nyota inayojulikana. Watafiti waliviweka katika kapu lao wenyewe, wakavipa jina la herufi tatu, WIT, ambazo ni herufi za mwanzo za swali la Kiingereza lenye maana ya *Hiki ni nini?* Ni majina machache katika sayansi yaliyo mkweli kiasi hicho. Kila kimoja ni kitendawili kilichokwisha kutegwa, na ambaye angetaka kupewa mji hana wa kumpa.

Cha nane katika kapu hilo ni nyota kubwa mno, kama mara 100 ya Jua, iliyo umbali wa zaidi ya miaka-nuru 25,000. Mapema mwaka 2012 ilianza kufifia taratibu. Ilifika mahali ikapoteza asilimia 97 ya mwanga wake, ikakaribia kutoweka kabisa, kisha ikarudi taratibu kama ilivyoondoka. Jambo lote lilichukua siku mia kadhaa. Habari zake zilichapishwa mwaka 2021, na kisio linalopewa nguvu ni kwamba ina mwenza asiyeonekana, aliyezungukwa na sahani pana ya vumbi, aliyepita mbele yake. Kama ndivyo, atapita tena. Ipo nyota nyingine, ya kundi liitwalo Auriga, ambayo hufunikwa hivyo kila baada ya miaka 27. Hii ya kapu la maswali inaweza kuchukua muda mrefu zaidi ya huo, pengine zaidi ya maisha ya mtu mzima.

Wengi wa waliouona mwanga ule ukishuka hawatakuwapo utakaposhuka tena. Ujira wao hautakuwa jibu. Kilichobaki mikononi mwao ni safu za tarehe na vipimo, usiku huu kiasi hiki, usiku ule kiasi kile, zikiwemo pia nyusiku nyingi ambazo hakuna kilichotokea na bado ziliandikwa. Atakayesimama chini ya mbingu siku hiyo ataifungua hesabu yao, alinganishe, na ajue kama anachokiona ni kina kilekile kinachorudi.